Kinywaji cha Wasiokufa
Wayunani wa kale waliita kinywaji cha miungu yao nekta, na wako wataalamu wasemao kuwa asili ya neno hilo ni kushinda mauti. Homer asimulia kuwa Kalypso alipewa nekta mbele ya Odysseus, akamtaka akae naye asife kamwe. Naye akakataa, akachagua kurudi kwa mkewe, ambaye hana budi kuzeeka. Je, alikosa busara? Leo neno hilo latumika kwa mbochi, utamu wa maua ukusanywao na nyuki mtenda kazi, ambaye msimu wa maua huishi majuma machache tu. Miungu walikunywa ili wadumu wao. Nyuki hukusanya ili mzinga udumu. Basi Odysseus hakupotewa: ashindaye mauti si yule asiyekufa, bali yule ambaye utamu wake wabaki kwa wengine.