Na Sisi Wanatuona?

Ndugu msomaji, naanza kwa kukiri kosa, maana makala ya namna hii ikianza kwa kuwanyooshea wengine vidole huwa haifiki mbali.

Mwaka 2007 nilikuwa nimepanga chumba Mwembesongo, hapa Morogoro mjini, katika nyumba ya vyumba sita yenye korido katikati na choo uani. Vijana tulikuwa watatu. Kazi hatuna, mashairi tunayo. Mwenye nyumba alikuwa na dishi, na kuanzia Agosti ile hadi Novemba sebule yake iligeuka uwanja wa taifa. Tulikuwa tunaangalia Big Brother Africa, msimu wa pili: watu 12 kutoka nchi 12, wamefungiwa nyumba moja Afrika Kusini kwa siku 98, hakuna simu, hakuna gazeti, kamera mpaka bafuni, na mshindi anaondoka na dola 100,000. Wetu alikuwa Richard Bezuidenhout. Mwaka 2003 tulikuwa naye Mwisho Mwampamba, lakini safari hii, bwana, tuliona kabisa kwamba ushindi unakuja Bongo.

Aliyekuwepo enzi zile anakumbuka kisa chenyewe. Richard alikuwa ameoa. Humo ndani akawa karibu na Tatiana wa Angola, tena karibu hasa, bara zima likiangalia. Sisi tukashangilia. Hoja tulikuwa nazo: eti ni mchezo, eti ni mbinu, eti mwanamume akiwa vitani haulizwi. Tarehe 11 Novemba aliposhinda tulipiga masufuria mpaka mbwa wa jirani wakakimbia.

Wiki chache kabla ya ushindi huo, bibi yangu mzaa mama alishuka kutoka Mgeta na lori la kabichi, kuja kutibiwa mguu. Jioni ya kwanza akakaa nasi sebuleni. Akaangalia kimya kwa muda mrefu, kisha akanigeukia.

"Mume wangu," akasema, maana ndivyo alivyotuita wajukuu zake wote wa kiume, "hawa wanajua kwamba tunawaona?"

"Wanajua bibi. Wamejiandikisha wenyewe."

"Na sisi wanatuona?"

"Hapana."

"Na mke wa huyu kijana, naye anaangalia?"

Nikasema huenda. Bibi akajifunika kanga vizuri, kana kwamba baridi ya kule juu imemfuata.

"Basi mnachungulia."

Tulicheka sana. Bibi wa shamba, ataelewa nini mambo ya televisheni? Tanzania Bara yenyewe tulianza kuiona mwaka 1994, wenzetu wa Zanzibar wametutangulia tangu 1973. Lakini neno lile lilikwama, kwa sababu bibi hakuwa mgeni wa mambo ya kutazamwa. Anayeijua Mgeta anajua nyumba zilivyokaa kwenye migongo ya milima. Ukitoka nje asubuhi, mlima wa ng'ambo wote unakuona: unapalilia njegere, unashuka mtoni, unashuka na nani. Nimemaliza likizo zangu zote za utotoni huko na nakuhakikishia siri hakuna. Ila huyo wa ng'ambo anayekuona, nawe unamwona. Moshi wake ukichelewa asubuhi, unauliza kama kuna mgonjwa.

Sasa nije kwenye kosa.

Chumba cha pili kutoka kwetu waliishi mume na mke. Usiku mmoja, mwenye nyumba akiwa safarini, tukasikia mambo yameanza huko: maneno kwanza, kisha kitu kikaanguka, kisha yule mama akalia. Televisheni ilikuwa inaunguruma. Mmoja wetu akachukua rimoti akapunguza sauti. Msomaji, usidhani alipunguza ili tusikilizane nini cha kufanya. Alipunguza ili tusikie vizuri. Na mimi nikasogeza kiti.

Aliyeinuka ni bibi. Kwa mguu ule mbovu, akishika ukuta wa korido, alikwenda mpaka mlangoni akapiga hodi. Akapiga tena. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba yeye ni mgeni, anaomba maji ya kunywa. Mlango ukafunguliwa. Aliingia akakaa humo mpaka karibu saa saba usiku, na sijui mpaka leo walizungumza nini. Sisi tulirudisha sauti.

Watu wengi husema michezo ya aina hii inafunua ubovu wa binadamu: ona wanavyosengenyana, ona uongo, ona tamaa. Sikubaliani. Fungia mbuzi 12 zizini, waambie kila wiki mmoja anatolewa, nao watapigana pembe. Halafu chukua saa 24 za hao mbuzi, zikatekate zibaki za kupigana tu, uwaonyeshe watu jioni. Hapo umefunua tabia ya mbuzi, au ya aliyejenga zizi? Mwaka 2003 Bunge la Malawi lilipiga marufuku matangazo ya msimu wa kwanza katika televisheni ya taifa, kwa ajili ya maadili, mpaka mahakama ikayaruhusu tena. Waheshimiwa waliona miili mitupu wakashtuka. Nadhani walikuwa wanatazama upande usio wenyewe.

Mgiriki Plato, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliandika kisa cha mchungaji aitwaye Gyges aliyeokota pete. Akiigeuza kidoleni, haonekani. Haikupita muda akamtongoza malkia, akamuua mfalme, akakalia kiti chake. Swali likaulizwa: mtu mwema na mtu mbaya wote wakipewa pete hiyo, nani atabaki mwema? Tumezoea kudhani wanaopimwa ni wale walio ndani ya nyumba. Lakini wao wanaonekana mchana na usiku, pete hawana. Pete iko kwenye mkono ulioshika rimoti. George Orwell, katika riwaya yake ya mwaka 1949 ambamo jina hili la Big Brother limetoka, alituogofya kwa jicho moja linalowaona wote. Waholanzi walioanzisha mchezo mwaka 1999 wakaligeuza: wote wanawaona wachache, tena kwa raha zao.

Kumsema mtu si dhambi mpya, wala sisi Waluguru si malaika. Tunao utani. Mtani wako ana ruhusa ya kukutukana mbele za watu, kukunyang'anya kuku, kukuvunjia heshima msibani mama yako akiwa bado hajazikwa. Nani alisema kule Uluguru watu hawachambui maisha ya wenzao? Wanachambua mpaka mifupa. Ila mtani anakusema usoni, nawe unamrudishia, na siku ya kufa kwako ana kazi ya kufanya. Hawezi kubonyeza kitufe akahamia kipindi kingine. Sisi pale sebuleni tulijitwalia ruhusa ya mtani, jembe lake tukaliacha.

Nimewahi kumsomea rafiki yangu mawazo haya, naye ni mwandishi. Akaniuliza: "Na wewe unayeandika?" Swali zito hilo kwetu sote tunaojinoa kuandika. Hadithi zetu tunaziokota wapi, kama si kwenye madirisha ya watu? Yule mama sikumtaja jina, chumba hutakijua, ile nyumba yenyewe imeshauzwa. Lakini hakunipa ruhusa. Nimejiuliza mara nyingi kama makala hii nayo si kusogeza kiti, na sijapata jibu la kunilaza usingizi. Nilichoamua ni kujiandika na mimi humu, nionekane kwanza.

Big Brother Africa iliishia mwaka 2014, na Mtanzania mwingine, Idris Sultan, akaondoka na dola 300,000. Bibi hakuiona siku hiyo. Alifariki mwaka 2011, tukamzika kwao Mgeta. Watani walifanya yao: mmoja aliiga anavyochechemea, akishika ukuta, watu wakalia na kucheka kwa pamoja. Akanifikia mimi, akanitazama kwa kukunja mkono jichoni kama darubini, akatangaza kwa waombolezaji kwamba huyu ndiye yule wa mjini anayeangalia watu kwenye kioo. Kumbe bibi alikuwa amewasimulia. Nilitamani ardhi ipasuke. Kisha mtani huyohuyo akavua shati, akachukua jembe, akaingia kaburini kuchimba.

Mchana likafika lori kutoka mjini. Akashuka mama mmoja na kikapu cha mchele kichwani, nguo zote vumbi. Nilimtambua kabla hajafunua uso. Alikuwa ameshahama Mwembesongo siku nyingi, yeye na wanawe. Akanisalimia kwa jina, kama mtu anavyomsalimia mpangaji mwenzake wa zamani. Maneno yakanipotea, nikampokea kikapu.