Mshauri Ajue Nini?

Watu wengi hudhani kuwa kazi ya kushauri huanzia kinywani. Kwa hakika huanzia sikioni, na kabla ya sikio liko jambo gumu zaidi, nalo ni kutambua habari ipi hasa yapasa kutafutwa. Mganga asiyeujua ugonjwa hakosi dawa ya kutoa. Hapo ndipo ilipo hatari yake.

Utazame mji wa Ahero, katika uwanda wa Kano, mashariki ya Kisumu. Mto Nyando hushuka kutoka milimani ukapita katika uwanda huo ulio tambarare mno, kisha ukamwagika katika Ziwa Viktoria. Mvua ikizidi huko juu, maji huwafikia watu wa Ahero hata kama kwao hakujanyesha. Mwaka 2020 mto ulifurika, na wengi waliohama nyumba zao wakalala madarasani.

Tuseme basi kwamba wewe, msomaji, umetumwa kuchunguza ni ushauri gani wauhitaji vijana waliohamishwa na mafuriko ya namna hiyo. Unalo daftari. Utauliza nini? Aghalabu mtu huanza na hesabu: nyumba ngapi zimebomoka, mablanketi mangapi yametolewa. Hesabu hiyo ni ya lazima, walakini ni haja ya ghala. Kijana ashtukaye kila wingu litandapo hamo ndani yake. Wala hamo yule ambaye mpunga wa baba yake umeoza shambani, na karo ya muhula haipo.

Mwingine, kwa huruma tu, atawashauri wauache mto wahamie mbali. Hakuuliza wanakula nini. Maji ya Nyando hayo hayo ndiyo yavutwayo kwa pampu kuingia katika mashamba ya mpunga ya Ahero, yaliyoanzishwa katika miaka ya 1960. Wenyeji huuogopa mto huo, na huo huo huwalisha. Tena hakuuliza kwa lugha gani mtu huusema msiba wake. Wako waijuao Kiswahili vizuri ambao hulia kwa Kijaluo.

Lakini kuuliza nako kuna kiasi. Je, yafaa kumwuliza mtoto kama wazazi wake hugombana, kwa kuwa tu daftari lina nafasi? Kila swali na lipimwe hivi: jibu lake nitalifanyia nini? Ukikosa la kusema, huo ni udaku uliovaa joho la elimu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu nayo yataka zikusanywe zile tu zilizo za lazima kwa kusudi lililotajwa. Atasema mtu kwamba mchunguzi hawezi kujua mapema lipi litafaa. Kweli, na arudi mara ya pili. Kurudi kwachosha, lakini uchovu huo ni wa mchunguzi, si wa mwenye msiba.

Liko gumu kuliko yote. Huenda kijana akakuambia kwamba yuko amdhuruye nyumbani. Siri hiyo huwezi kuifunika. Kwa hiyo kabla ya swali la kwanza mwambie nani atayasoma majibu yake, na ni jambo gani ambalo, akilitaja, hutaweza kulinyamazia. Pengine atakataa kusema. Ikiwa hivyo, andika kwamba hakujibu, umwonyeshe ni nani awezaye kumwendea siku atakapotaka, nawe umshukuru.