Mwenzako wa Masomo ni Nani?

Majumbani mwetu hapa pwani si wachache siku hizi walio na kijana wao Dodoma. Uamuzi wa kuyahamishia huko makao makuu ya serikali ulipitishwa mwaka 1973, lakini watumishi wengi walihamia baada ya mwaka 2016. Kijana hufanya kazi mchana. Usiku, katika chumba cha kupanga, hufungua simu akasoma masomo ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chuo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 ili mtu aweze kusoma bila ya kuhama kwake. Mwenzake yuko Mpwapwa, wa tatu yuko Kondoa. Somo lao moja, mwalimu wao mmoja, na huenda wasijuane hata kwa majina.

Suali letu ni hili: je, watu hawa wana haki wao kwa wao, au ni abiria tu wa basi moja?

Wako wasemao kuwa hawana. Mtihani, wasema, hufanywa na mtu peke yake, na shahada huandikwa jina moja. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Chuoni kwetu kila mtoto alikuwa na juzuu yake na somo lake. Juu ya hayo mkubwa alimsomesha mdogo, na asiyeonekana siku mbili alitumiwa mtu kwenda kumuulizia kwao. Elimu ilikuwa ya mmoja. Kumchunga mwenye kuitafuta ilikuwa kazi ya wote.

Wala umbali si udhuru. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wazima wapatao milioni 2 wa Tanzania Bara walisomeshwa kwa redio. Hawakuachwa kila mtu na redio yake. Walikaa kwa vikundi, kila kikundi na kiongozi wake. Wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaondoka pamoja kwenda kuchimba vyoo. Sauti ilitoka mbali, lakini ujirani ulikuwa pale pale.

Basi tofauti iko wapi? Nafasi tupu mkekani huonekana na kila mtu. Nafasi tupu katika simu haionekani. Aliyeugua, aliyefiwa, aliyeishiwa na pesa za intaneti, hunyamaza, na kimya chake hudhaniwa kuwa ni uvivu. Kwa hivyo haki ya kuulizana haipungui kwa umbali, bali huzidi. Asiyeweza kuona imempasa aulize.

Yafaa wanafunzi hawa wajigawe watano watano, na kila juma mmoja wao ashike zamu ya kuwaulizia wenziwe kwa majina. Suali la asiyejua lisichekwe, kwani dhihaka iliyoandikwa haipotei kama iliyotamkwa. Wakutanapo kituoni kwa mitihani, wakae kidogo wajuane. Wala kusaidiana kusiwe kupeana majibu: ampaye mwenziwe jibu amemnyima elimu. Naye mwalimu asimjibu mwanafunzi kama ajibuye barua ya ofisi. Amtaje kwa jina lake.

Nasi wazee, tumpigiapo simu kijana wetu, tusiishie kumuuliza mtihani umekwendaje. Tumuulize: wenzako wa masomo ni nani, na hali zao zikoje? Akikosa la kujibu, tutakuwa tumekijua anachopungukiwa.