Idhini ya Kufundisha na Mwalimu wa Kisumu Ndogo

Swali la iwapo cheti humfanya mtu kuwa mwalimu, au humtambua tu yule ambaye tayari ni mwalimu, ni la kale kuliko dola yoyote ya leo, lakini sheria ya Kenya imelijibu kwa kifungu kifupi: Sheria ya Tume ya Huduma kwa Walimu ya mwaka 2012 inakataza mtu yeyote kufanya kazi ya ualimu isipokuwa awe amesajiliwa na Tume hiyo, ambayo wengi huiita TSC. Njia ya kufikia usajili ina hatua mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Ya kwanza ni mafunzo, ambayo kwa mwalimu wa shule ya msingi yalikuwa miaka miwili ya chuo na cheti cha P1, kabla ya cheti hicho kuanza kuondolewa na, kuanzia mwaka 2021, nafasi yake kuchukuliwa na diploma ya miaka mitatu iliyoandaliwa kwa ajili ya mtaala wa umilisi; ya pili ni nambari ya TSC, ambayo hutolewa baada ya mhitimu kuthibitisha masomo yake na kuwasilisha hati ya polisi ya mwenendo mwema. Nambari hiyo si ajira, na wapo maelfu walioipata ambao bado wanasubiri kuitwa kazini.

Kisumu Ndogo ni kijiji kimoja cha Kibera, mtaa wa mabanda wa Nairobi, na huko watoto wengi husomea katika shule ndogo za mtaani zinazoendeshwa na watu binafsi, makanisa au vikundi vya jamii. Chanzo cha hali hiyo kimo katika ardhi: eneo hilo walipewa askari Wanubi mwanzoni mwa karne ya 20 bila hati za umiliki, likabaki mali ya serikali, na kwa kuwa wakazi walihesabiwa kuwa wavamizi, shule za umma kama Olympic, Ayany na Toi zilijengwa pembezoni badala ya ndani ya vijiji. Elimu ya msingi bila malipo ilipotangazwa Januari 2003, shule hizo za pembezoni zilifurika. Mtafiti Mwingereza James Tooley, aliyezichunguza shule za mtaani za Kibera katika kipindi hicho, alizisifu kuwa ushahidi kwamba maskini wanaweza kujinunulia elimu bora. Sifa hiyo inasahau kwamba anayenunua kitu ambacho Katiba, katika Ibara ya 53, inamhakikishia mtoto wake bila malipo, hajachagua bali amefidia upungufu wa mwingine. Mwalimu ambaye mtoto huyo anamkuta huko, katika chumba cha mabati kilichotenganishwa na darasa la jirani kwa ubao mwembamba unaopitisha kila sauti, huenda ana nambari ya TSC na anasubiri ajira, lakini huenda pia ni mhitimu wa kidato cha nne ambaye hajapita chuoni, yaani yule anayeitwa UT. Je, anachokifanya huyu wa pili ni kufundisha?

Kanisa la Afrika Kaskazini liliwahi kugawanyika kwa swali la namna hii. Katika karne ya 4 Wadonati, kundi lililojitenga baada ya mateso ya Wakristo, walishikilia kwamba ubatizo uliotolewa na kasisi aliyeisaliti imani ni batili, kwa sababu mtu hawezi kutoa asichokuwa nacho. Augustino wa Hippo aliwajibu kwamba sakramenti, yaani ishara takatifu inayotenda kile inachokiashiria, haipati nguvu zake kwa mhudumu bali kwa Kristo, na hivyo udhaifu wa mhudumu hauifuti. Hoja hiyo ikihamishiwa darasani, inamtetea mwalimu wa UT kwa kiasi fulani: mtoto aliyejifunza kusoma kwa mwalimu huyo anajua kusoma kweli, wala hakuna afisa wa elimu anayeweza kulibatilisha hilo kwa sababu aliyemfundisha hakuwa na nambari.

Utetezi huo, hata hivyo, una mpaka, kwa kuwa hesabu si sakramenti. Mtoto akiulizwa 52 toa 38 na kuandika 26, mwalimu asiyefunzwa aghalabu ataweka alama ya kosa na kuendelea na daftari linalofuata. Aliyefunzwa vizuri atatambua kwamba mtoto hakubahatisha, bali alitoa tarakimu ndogo kutoka kwa kubwa katika kila safu, 3 kutoka 5 na 2 kutoka 8, kwa sababu hajaelewa kukopa makumi. Ujuzi huo wa kulisoma kosa ndio kiini cha mafunzo ya ualimu, na ni kweli kwamba baadhi huupata kwa uzoefu bila chuo, kama ilivyo kweli kwamba wengine hupita chuoni bila kuupata. Cheti basi hakihakikishi ujuzi. Kinachohakikishwa na cheti ni kwamba yupo wa kuulizwa. Mzazi anayeuza mboga tangu alfajiri hana namna ya kumpima mwalimu wa mwanawe, na Tume humpimia kwa niaba yake, kisha humfuta kwenye sajili aliyemdhulumu mtoto kimapenzi ili asihamie shule nyingine na kuanza upya.

Desturi ya Kiislamu inaliweka jambo hili wazi zaidi. Katika elimu za dini, mwanafunzi hupokea ijaza, ambayo ni idhini ya shekhe mmoja kwa mtu mmoja, akishuhudia kwamba amemsikiliza na anamwamini kupokeza alichokipokea. Anayeitoa huweka jina lake rehani kwa mwanafunzi wake. Zaidi ya hayo, wanazuoni huhesabu kufundisha kuwa miongoni mwa faradhi za kutoshelezana, yaani wajibu ulio juu ya jamii nzima, ambao wachache wakiutimiza wengine husamehewa, na ukiachwa na wote, wote hubeba dhambi. Kwa kipimo hicho, mwalimu wa Kisumu Ndogo amekuwa akiibebea jamii, na serikali ikiwemo, mzigo ambao ungeiangukia yote.

Kwa upande wa Wakristo, Mtaguso wa Tatu wa Laterano wa mwaka 1179 ulikataza kudai malipo kwa idhini ya kufundisha, na pia ukakataza kumnyima idhini hiyo anayefaa. Sharti la pili ndilo linaloisumbua Kenya. Sera ya elimu mbadala inayojulikana kama APBET, ya mwaka 2009, ilizitambua shule za mitaa ya mabanda, na miongozo iliyofuata ikaruhusu baadhi ya walimu wake waendelee kufundisha huku wakisoma. Lakini diploma ya miaka mitatu ina karo, na anayelipwa mshahara unaotegemea wazazi waliolipa wiki hiyo hawezi kuacha kazi wala kuigharimia. Anaambiwa hafai bila kupewa mahali pa kuonyesha kwamba anafaa.

Haki ingedai masharti mawili yatenganishwe. Hati ya polisi na ukaguzi wa mwenendo havipaswi kulegezwa kwa yeyote, hata siku moja, kwa maana mtoto wa mabandani hana ngozi ngumu kuliko wa mtaa wa kitajiri wa Karen. Diploma ni suala jingine: serikali iliyochelewa kujenga shule ndani ya Kibera ina deni kwa waliofundisha mahali pake, na inapaswa kulilipa kwa kuwatuma wakufunzi wa vyuo wawapime walimu hao katika madarasa yao wenyewe, kuihesabu miaka yao ya kazi kuwa sehemu ya mafunzo, na kugharimia sehemu iliyobaki. Asiyeweza kufaulu hata baada ya kusaidiwa hivyo, huyo aondolewe, na nafasi yake ipewe mmoja wa wale maelfu wenye nambari wanaosubiri, kwa mshahara wa umma.