Nani Alimsaidia Nani?

Mimi ni mtoto wa Tanga, hapa Kampala nasoma tu. Likizo iliyopita nilikwenda kujitolea kufundisha madrasa katika kijiji kimoja cha Yumbe, karibu na makazi ya wakimbizi ya Bidibidi. Nilidhani nakwenda kutoa. Lakini kila jioni mama aliyenipokea alinitengea ugali wa muhogo kabla ya wanawe, na maji ya kutawadhia aliyateka mwenyewe.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa ukarimu kwa mgeni ni siku 3, kinachozidi ni sadaka. Nilikaa siku 40. Basi kwa siku 37 nilikula sadaka ya mtu niliyemwita maskini. Thawabu ni za nani?

Wahenga wamesema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nikaliomba jembe, nimechelewa. Mama akacheka: "Sasa wewe mtoto wa hapa."

Ndugu zangu, likizo inakaribia na wengi mtakwenda vijijini. Nia ni njema. Ila kabla ya kuhesabu tulichowapa watu, tuhesabu tulichokula kwao.

Wallahu aalam.