Kuridhika si kunyamaza

Msikilizaji, Paulo aliwaandikia Wafilipi akiwa kifungoni, na katika sura ya 4 ya waraka huo anaeleza kuwa kuridhika ni jambo alilojifunza. Hakuzaliwa nalo. Alikwisha kuonja njaa na shibe, akatambua kwamba nguvu zake zinatoka kwa Kristo, wala hazipandi na kushuka na hali yake. Wapo watakaosema mafundisho haya humzoesha maskini kuvumilia dhuluma. Hoja hiyo ina uzito. Mahubiri ya namna hiyo yapo, tena mengi. Lakini tumtazame Paulo mwenyewe. Katika mji huohuo wa Filipi alichapwa viboko bila kuhukumiwa, na wakuu walipotaka aondoke kimyakimya alikataa, akadai waje wenyewe kumtoa gerezani. Baadaye alikata rufaa kwa Kaisari. Na msaada ambao Wafilipi walimpelekea kwa mkono wa Epafrodito aliupokea kwa shukrani. Kumtegemea Mungu, basi, hakukumzuia kudai haki wala kupokea mkono wa ndugu; kulimwondolea hofu kwamba akivikosa vyote viwili amekwisha. Wewe unayeamka leo na kesi, deni au mgonjwa nyumbani, omba, kisha fuatilia haki yako, na umwambie jirani unachohitaji.