Kidau cha Kumbi


Sikukuu ikiwadia, watoto huenda kiwanja cha Tibirinzi, Chake, na mkono wao wa Idi, wakarudi na bastola za plastiki na magari ya betri. Gari la betri hujiendea lenyewe. Kazi ya mtoto ni kutazama. Ikifika sikukuu pili, liko uvunguni.

Sasa mtazame anayeunda kidau cha kumbi. Anachomeka ujiti wa mnazi uwe mlingoti, anatia tanga la mfuko wa plastiki, anakishusha majini. Kikipinduka, anaufupisha mlingoti, anatia kijiwe ndani, anajaribu tena. Hiyo ni sayansi, jamani! Na walimu wa chekechea za Madrasa, mpango uliofika Zanzibar mwaka 1990, wanasomesha kwa vifuu, kombe na vizibo.

Basi mzazi, ukinunua, nunua mpira, kalamu za rangi, vibao vya kupangia. Mdogo wa chini ya miaka mitatu muepushe na vitu vidogo, asije akapaliwa. Mkubwa wake mkalishe kwenye bao, azihesabu zile kete 64 kwa mkono wake.